Kupunguza gharama ya bima ya gari: njia nne, na ipi inamfaa nani

Una gari dogo la kutembelea, bima kubwa ya mwaka jana (ile inayolinda gari lako pamoja na watu uliowadhuru) inaisha wiki ijayo, na bei ya mwaka mpya imeshaingia kwenye simu. Ulipe tena nusu milioni na zaidi, au ukate bima ndogo, ya watu uliowadhuru tu, kwa laki moja na ushee uendelee na maisha? Wenye magari wengi Tanzania huamua kati ya hayo mawili tu, tena dakika za mwisho, wakati trafiki wameshaanza kukagua barabarani. Katikati yake zipo njia nyingine tatu ambazo wakala hazitaji mpaka uulize. Ukijumlisha na bima ndogo ni nne, na zote hupunguza malipo kwa namna moja: kuna hasara inatoka kwa kampuni na kuhamia kwako. Kabla hujafurahia bei, jua ni hasara ipi hiyo, na kama unaiweza.

Vipimo vya kutumia

Kipimo cha kwanza, na kwangu ndicho kikubwa kuliko vyote: gari hili likiibiwa au likiharibika kabisa kesho, naweza kupata jingine bila kuuza kiwanja, bila kukopa vikoba, bila kugusa ada ya mtoto? Jibu la swali hilo lina uzito kuliko umri wa gari na kuliko uhodari wako wa kuendesha.

Cha pili ni thamani ya gari leo, yaani bei ambayo mnunuzi wa kweli angekupa wiki hii. Bei uliyonunulia bandarini miaka minne iliyopita haihusiki. Cha tatu ni nani mwingine ana haki kwenye gari hilo: benki, mwajiri, chama cha akiba na mikopo. Cha nne ni maisha ya gari lenyewe: linalala ndani ya geti au pembeni mwa barabara, linaendeshwa na wewe peke yako au na ndugu wa nyumba nzima, na masika linapita wapi.

Ili hesabu zisielee, nitatumia gari moja mwanzo hadi mwisho: Toyota IST ya matumizi binafsi yenye thamani ya shilingi 15,000,000. Kwa mfano huu nachukua bima kubwa kwa asilimia 3.5 ya thamani ya gari, bima ya katikati (ya mtu wa tatu, moto na wizi) kwa asilimia 2, na bima ndogo kwa shilingi 100,000. Zote ni kabla ya VAT. Hiyo laki moja ukiiongezea VAT ya asilimia 18 inakuwa ile 118,000 ambayo wengi wanaifahamu. Ya kuamulia ni bei utakayopewa wewe, lakini uwiano hautaachana sana na huu.

Jambo moja kabla hatujaanza. Watu huzunguka kampuni tano wakitafuta bei ya chini, wakirudi tofauti ni ndogo mno. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, huweka viwango vya chini ambavyo kampuni hairuhusiwi kushuka. Ushindani wa bei kwa hiyo una sakafu. Ukizunguka, linganisha ekses (kiasi unachokatwa wewe kwanza kwenye dai), vitu ambavyo mkataba unaviacha nje, na jinsi kampuni inavyolipa madai. Hapo ndipo utakuta tofauti zenye pesa.

Njia ya kwanza: kushuka hadi bima ndogo

*Unachookoa.* Kwa IST yetu bima kubwa ni shilingi 525,000 na ndogo ni 100,000. Zinabaki 425,000 kila mwaka. Hakuna njia nyingine inayokuachia pesa nyingi kiasi hiki.

*Unachobeba.* Gari lako lote. Bima ndogo ipo kwa ajili ya watu uliowadhuru wewe: Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamtaka kila mwenye gari linalotembea barabara ya umma awe na kinga angalau ya kifo na majeraha ya watu wengine. Mikataba mingi huongeza na mali za wengine hadi kiwango fulani, na kiwango hicho ni cha kusomwa. Ukigonga gari la gharama kubwa, kinachozidi ni chako.

Tufanye hesabu. Ukitunza 425,000 kila mwaka, itachukua zaidi ya miaka 35 kufikia shilingi milioni 15. Mtu akikuambia achana na bima kubwa ujiwekee mwenyewe akiba ya gari, mwonyeshe namba hiyo. Akiba hiyo inatosha bampa, taa na kunyoosha bodi. Gari zima hainunui. Anayefaulu kwa njia hii ni yule ambaye milioni 15 zingine anazo tayari mahali fulani, au ambaye anaweza kurudi kwenye daladala bila kazi yake kuyumba.

*Siku ya tukio.* Ukigongwa na mwenye kosa ana bima halali, unadai kwenye kampuni yake, na unadai mwenyewe: ripoti ya polisi, ukaguzi wa gari, makadirio ya gereji, kufuatilia wiki hadi wiki. Mwenye bima kubwa huikabidhi kampuni yake kazi hiyo. Ukigonga mti, au aliyekugonga akakimbia, huna pa kwenda.

*Inamfaa nani.* Mwenye gari la zamani la bei ndogo ambalo kulipoteza kutamuuma bila kumwangusha. Mwenye magari mawili na anayetumia moja kwa nadra. Mwenye akiba iliyokwisha kuwepo, kwani nia ya kuanza kuweka akiba haitengenezi gari.

Njia ya pili: bima ya mtu wa tatu, moto na wizi

Hii ndiyo ya katikati, na inasahaulika kupita zote. Mtu wa tatu ni yule mwingine uliyemdhuru. Wakala wengi hawaitaji kwa sababu wateja hawaiulizi, na wateja hawaiulizi kwa sababu hawajawahi kuisikia.

*Unachookoa.* Kwa asilimia 2, IST yetu inalipiwa 300,000. Umeokoa 225,000 ukilinganisha na bima kubwa.

*Unachobeba.* Ajali zote za gari lako mwenyewe: kugonga, kupinduka, kuingia mtaroni. Kampuni inabaki na moto na wizi, pamoja na watu wengine kama ilivyo kwenye bima ndogo. Uliza kwa makini neno wizi limeandikwaje. Mara nyingi ni wizi wa gari zima. Saiti mira zilizong'olewa usiku hazimo mpaka mkataba useme zimo. Uliza pia kuhusu mafuriko, maana maji si moto wala si wizi.

*Siku ya tukio.* Wizi wa gari ni dai la moja kwa moja, lakini kampuni itataka taarifa ya polisi ya mapema, kadi ya gari na funguo zote. Ufunguo wa akiba uliopotea zamani bila kuripotiwa umewaletea watu usumbufu mkubwa. Ukishaamua njia hii, tafuta funguo zako zote mbili leo.

*Inamfaa nani.* Dereva mzoefu anayeendesha peke yake, mwenye uwezo wa kumlipa fundi wa bodi, lakini gari lake linalala nje kwenye mtaa usio na ulinzi. Hofu yake ni kuamka asubuhi akute pa gari ni peupe, na hofu hiyo ndiyo inayolipiwa. Kwa mtu mwenye mwanafunzi wa udereva nyumbani, haifai hata kidogo.

Njia ya tatu: kubaki bima kubwa, kupandisha ekses

Ekses ni kile kiasi unachokatwa wewe kwanza kabla kampuni haijalipa. Ukikubali ikatwe kubwa zaidi, baadhi ya kampuni zitakushushia malipo ya mwaka, almradi zisivuke sakafu ya TIRA. Ndiyo maana njia hii inafanya kazi vizuri kwa mteja ambaye bei aliyopewa iko juu ya sakafu. Kama tayari uko kwenye kiwango cha chini kabisa, usikubali kupandishiwa ekses, maana hutapata chochote badala yake.

*Unachookoa.* Kidogo kuliko njia mbili zilizotangulia. Tuseme shilingi 60,000 kwa mwaka.

*Unachobeba.* Hapa inabidi tukae kidogo. Tuseme mkataba wa kwanza una ekses ya asilimia 5 ya dai, isiyopungua 250,000. Wa pili una asilimia 10, isiyopungua 500,000. Ukipata uharibifu wa 800,000, mkataba wa kwanza unakulipa 550,000 na wa pili 300,000. Uharibifu ukiwa milioni 6, wa kwanza unakulipa 5,700,000 na wa pili 5,400,000. Gari likiharibika kabisa, kwenye milioni 15 unakatwa 750,000 au 1,500,000. Kwa maneno mengine, ekses kubwa inakuuma sana kwenye ajali ndogo na kidogo kwenye ajali kubwa ukilinganisha na ukubwa wa hasara yenyewe. Kwa mtu mwenye akiba ya laki tano iliyotulia, huo ni mpango wa busara: anajibebea mikwaruzo, kampuni inabaki na lile pigo ambalo lingemmaliza.

Lakini angalia muda. Kama punguzo ni 60,000 kwa mwaka na tofauti ya ekses ni 250,000, unahitaji zaidi ya miaka minne bila dai ndipo uwe umefaidika. Anayegongagonga kila mwaka kwenye foleni za Mwenge asiingie huku.

*Siku ya tukio.* Kila kitu kinakwenda kama bima kubwa ya kawaida, ila gereji haitakupa gari mpaka ulipe sehemu yako. Uliza pia kama kuna ekses ya ziada kwa dereva mwenye umri mdogo au mwenye leseni mpya. Mikataba mingi inayo, na hujumlishwa juu ya ile ya kawaida.

*Inamfaa nani.* Mwenye kipato cha uhakika na akiba ndogo, anayehitaji gari kwa kazi kila siku, na asiyeweza kununua jingine. Nadhani watu wa namna hii ni wengi kuliko wanaotumia njia hii.

Njia ya nne: kubaki bima kubwa, kutunza punguzo la kutodai

Mteja anayemaliza mwaka bila kudai hupewa na kampuni nyingi punguzo anapokata upya, na punguzo hilo hupanda kadiri miaka safi inavyoongezeka. Sakafu ya TIRA inahusika hapa pia, kwa hiyo swali la kuuliza kabla ya kulipa ni moja: nikikaa mwaka huu bila kudai, mwaka ujao nitalipa shilingi ngapi? Jibu liwe la maandishi. Ahadi ya mdomo ya wakala haitakumbukwa na mtu atakayekuwa ameshika dawati hilo mwakani.

*Unachookoa.* Mwaka wa kwanza, hakuna. Faida huja polepole. Punguzo la asilimia 10 kwenye 525,000 ni 52,500. La asilimia 20 ni 105,000.

*Unachobeba.* Ajali ndogo ulizoamua kutodai. Chukua uharibifu wa 400,000 na ekses ya 250,000: kampuni ingekupa 150,000. Kama kwa ajili ya hizo unapoteza punguzo la 105,000 mwaka ujao, na unaanza kupanda ngazi upya kutoka chini, malipo ya fundi wa Ilala yatakuwa nafuu kuliko dai. Uharibifu ukifika milioni mbili, tatu, hesabu inageuka. Dai bila kusita, bima umeinunua kwa siku hiyo.

*Siku ya tukio.* Kutodai na kutotoa taarifa ni mambo mawili tofauti, na kuyachanganya kunaumiza watu. Bampa lako mwenyewe ulilogongesha ukutani waweza kulimaliza kimyakimya. Akiwepo mtu mwingine kwenye tukio, mwenye bodaboda aliyeanguka, mama aliyeguswa mguu akasema hajambo, ripoti polisi na kwenye kampuni yako siku hiyo hiyo. Usikubali kosa kwa maandishi wala kumalizana naye pembeni. Majeraha hujitokeza baadaye, na kampuni iliyosikia habari miezi sita baada ya tukio inaweza kukataa kulipa kwa sababu ulivunja sharti la kutoa taarifa.

*Inamfaa nani.* Mwenye subira, anayekaa na kampuni moja au anayehama akiwa na barua inayoonyesha miaka yake bila madai. Njia hii inaoana vizuri na ya tatu, kwa kuwa mwenye ekses kubwa tayari ameshaamua kutodai vidogo.

Thamani iliyoandikwa kwenye mkataba

Hili linamhusu yeyote anayebaki kwenye bima kubwa au ya katikati, na ndipo pesa nyingi hupotea pande zote mbili.

Upande mmoja yupo anayekata bima upya kila mwaka kwa thamani ile ile ya siku ya kwanza. Gari lilikuwa la milioni 20, leo ni la 15, yeye bado analipia 20. Kwa asilimia 3.5 anatupa 175,000 kwa mwaka, kwa sababu likiharibika kabisa kampuni italipa bei ya soko ya siku hiyo. Kushusha thamani hadi ile ya kweli ni punguzo halali ambalo halikuhamishii hasara yoyote. Anza na hili kabla ya njia zote nne.

Upande wa pili yupo anayeandika thamani ya uongo. IST ya milioni 15 anaiandika 10 ili alipe 350,000. Mikataba ina kanuni ya uwiano: umekatia bima theluthi mbili ya gari, basi na dai lako linalipwa theluthi mbili. Uharibifu wa milioni 3 unakuwa milioni 2, halafu ekses inakatwa. Aliokoa 175,000, akapoteza milioni.

Unafuu ambao si bima

Ukiwa unabeba abiria wa programu za simu kama Bolt, au unalikodisha gari siku za harusi, bima ya matumizi binafsi haikulindi wakati wa kazi hiyo. Bima ya biashara ni ghali zaidi na inauma, najua, hasa kwa kijana anayelipa marejesho ya gari kila wiki. Lakini dai litakapokataliwa, deni la gari litabaki na gari halitakuwepo.

Bima ya bei ya ajabu kutoka kwa mtu wa barabarani nayo ihakikiwe. TIRAMIS, mfumo wa mtandaoni wa TIRA, unakuwezesha kuingiza namba ya gari na kuona kampuni, aina ya bima na tarehe ya mwisho. Kama malipo uliyotoa hayaonekani humo, huna bima. Na ukiwa na bima halali halafu kampuni ikakuzungusha kwenye dai, Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima hupokea malalamiko ya namna hiyo.

Kwa hali yako

Gari la mkopo: huna uchaguzi kati ya aina za bima, benki itadai bima kubwa mpaka deni liishe. Okoa kwa kurekebisha thamani kila mwaka na kwa kutunza punguzo la kutodai. Kabla ya kupandisha ekses, isome barua ya mkopo, huenda imeweka kikomo.

Gari ni la milioni tano au sita, lina umri mkubwa, na una akiba: ombeni bei mbili, ya ndogo na ya katikati. Kwenye bima kubwa, kampuni huwa na kima cha chini cha malipo na cha ekses ambacho kwa gari la thamani ndogo hula sehemu kubwa ya faida. Kama linalala ndani ya geti, ndogo inatosha. Kama linalala nje, lipia wizi.

Gari ni la milioni tano au sita, na ndilo linalokuingizia riziki: umri wake usikudanganye. Unaihitaji bima kubwa kumzidi mwenye gari la milioni 40 ambaye ana jingine nyumbani.

Unaishi au unapita mabondeni, tuseme unavuka Jangwani kila siku, mahali ambapo Mto Msimbazi ukifurika barabara imekuwa ikifungwa: tafuta neno mafuriko kwenye mkataba kabla ya kuangalia bei. Kama halimo, uliza gharama ya kuliongeza, na uliza injini iliyovuta maji inahesabiwaje.

Madereva ni wengi nyumbani, mmoja akiwa na leseni mpya: baki kwenye bima kubwa yenye ekses ya kawaida, na hakikisha kijana huyo ameruhusiwa kwenye mkataba. Mwaka wake wa kwanza barabarani si mwaka wa kujibebea hasara.

Umebanwa kweli mwaka huu, mshahara haueleweki, na fedha iliyopo ni ya bima ndogo tu: kata ndogo, ya mwaka mzima ukiweza, maana bima za vipindi vifupi zikijumlishwa huzidi. Kisha mweleze wakala kwamba unataka kupanda miezi ijayo, na uliza sasa hivi kama malipo uliyotoa yatahesabiwa siku utakapopanda au yatapotea.